Saini ya Marehemu

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeanza sehemu ya mwisho ya mwaka wangu wa mafunzo kwa vitendo, na wamenipanga idara ile ile iliyomuua Dada. Hapana, nimeandika vibaya. Idara haikumuua mtu. Dada alichukuliwa na maji kwenye daraja la chini, mvua za mwaka jana, akitoka kazini. Ila kila nikiukumbuka ule mlango wa bluu ulioandikwa TIBA YA VIUNGO, naona kama aliingia humo asitoke tena.

Nimevaa koti lake jeupe. Mama ndiye aliyenipa, amelipiga pasi hadi mikono imekakamaa. Akanitazama nilipolivaa, akasema limenikaa, akaenda jikoni. Alikaa huko muda mrefu na sikusikia bomba wala sufuria.

Nimemaliza miaka minne ya chuo, lakini bila mwaka huu chini ya msimamizi mwenye leseni, Baraza la taaluma yetu halikupokei kwenye mitihani yake. Nimeshapita wodi ya mifupa, ya watoto na ya mahututi. Imebaki hii ya wagonjwa wa kiharusi. Kisha kuna mtihani wa kuandika, kisha wa vitendo mbele ya watahini wawili, na ukipita huo ndipo jina lako linaingia kwenye rejista na unapewa leseni. Dada alifika katikati. Wa kuandika aliufaulu. Wa vitendo hakuufikia.

Msimamizi wangu ni mwanamke mkavu, mwenye nywele fupi zilizoanza mvi. Kila mtu anamwita Kamanda, asipokuwepo. Ndiye aliyemsimamia Dada pia. Alinikaribisha vizuri tu, akiwa anaangalia ukuta ulio nyuma yangu.

Alhamisi, 6 Machi

Joto. Mvua bado. Kamanda hajaniangalia usoni hata mara moja.

Jumanne, 11 Machi

Asubuhi mama mmoja aliingia akisukuma kiti cha magurudumu, na juu ya kiti mzee mwenye kifua kipana na mguu wa kushoto uliolala upande kama si wake. Mrefu alimtambua kabla hajafika katikati ya chumba. Mrefu ni mtaalamu kijana wa hapa, alisoma darasa moja na Dada, leseni yake ameitundika ukutani juu ya meza. Akaniambia chinichini, "Huyo ni Refa. Alichezesha mpira miaka nenda rudi. Mwaka jana dada yako alimtoa kitandani akawa anatembea na bakora. Sasa kiharusi kimempiga tena."

Nilikwenda kumsalimia. Refa aliinua uso, na nusu ya mdomo wake ikatabasamu.

"Kibendera," akasema. "Ulinitupa, mama. Uliniachia uwanja peke yangu."

Sikuelewa. Mkewe alielewa. Alinishika mkono akanivuta hadi koridoni, akazungumza haraka.

"Mwanangu, hilo la Kibendera ni jina alilompa dada yako. Alikuwa akitembea pembeni yake kama mshika kibendera, basi ndiyo likawa hilo. Tulipopata habari za msiba, presha yake ilikuwa juu, daktari akasema asishtuliwe. Tukamwambia amehamishwa. Siku zikapita, ikawa hivyo. Sasa amekuona. Mnafanana mno, hata mimi moyo umeniruka. Nakuomba, usimwambie."

Nikasema, "Nitaona, mama."

Niliporudi ndani Refa aliuliza, "Ati walikuhamisha?"

Mrefu alikuwa anakunja shuka. Aliacha kukunja.

"Walinihamisha," nikajibu.

Jumatano, 19 Machi

Mvua ya kwanza. Ilianza saa nne, chini ya bati la idara tukawa hatusikilizani.

Refa anausahau upande wake wa kushoto. Si kwamba hauwezi tu, hauoni. Ukimwekea kikombe kushoto hajui kama kipo. Mkono ule unaning'inia, na wakati mwingine anaukalia. Kazi yetu ni kumrudishia huo upande, kwa hiyo nasimama kushoto, naongea kutoka kushoto, namgusa kutoka kushoto, mpaka ageuze kichwa kuja kuitafuta sauti.

Leo tulisimama kati ya vyuma viwili sambamba. Nimemfunga mkanda kiunoni, mkono wangu umeshika mkanda. Alitetemeka, akataka kukaa.

"Polepole ndiyo spidi yetu," nikamwambia.

Akacheka hadi jasho likamtoka. "Hiyo. Nilikuwa naingoja hiyo. Nikadhani huko walikokuhamishia wamekunyang'anya."

Akanyanyua mguu.

Baadaye Mrefu aliniuliza nimeitoa wapi ile sentensi. Nikamwambia imekuja tu. Akasema Dada alikuwa akiisema kila siku, kwa sauti ile ile, akishusha mwisho. Mimi sikuwahi kumsikia akiisema. Nyumbani alikuwa mtu wa haraka.

Ijumaa, 28 Machi

Nilikosea nikamsimulia Mama habari za Refa. Nilidhani atalia. Aliacha kuchambua mchele, akauliza, "Akasema nini tena?" Sasa kila nikirudi ananingoja mlangoni. Leo amenituma: "Jumatatu muulize kama dada yako alishawahi kumweleza habari zangu."

Jumatano, 2 Aprili

Mtihani wa kuandika. Ukumbi mkubwa, viti vya plastiki, mvua madirishani. Mishipa, mifupa, mapafu, maadili ya kazi, sheria ya Baraza. Nimejibu yote. Kurudi nikapita daraja la juu, ni mzunguko mrefu, lakini sisi sote wa nyumbani tunapita la juu.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua.

Jumatano, 9 Aprili

Koti naliacha kwenye kigingi cha nguo idarani nikitoka, kwa sababu njiani ni matope. Leo asubuhi nimelikuta limelowa. Si lote. Pindo tu, na mifuko. Nimemwonyesha Mrefu, akaangalia juu akasema paa linavuja. Nami nikaangalia. Dari pale juu ya kigingi ilikuwa kavu, au mimi nimeiona kavu.

Nimelivaa hivyo hivyo. Lilikuwa la baridi mgongoni, likapata joto taratibu kama mtu aliyeingia kitandani.

Refa ametembea urefu wote wa vyuma na kurudi. Mkewe alipiga makofi. Refa akamgeukia kwa ukali wa uwanjani, "Mashabiki wakae jukwaani." Kisha akaniambia mimi, taratibu, "Mwaka jana ulinisimulia mama yako anavyokulaza na kukupa uji ukiumwa, hata sasa mtu mzima. Bado anakupa?"

"Bado," nikasema.

Nilimpelekea Mama hilo neno. Alikaa chini palepale kizingitini. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyepigiwa simu kutoka mbali. Kisha akaenda kukoroga uji, akaniletea bakuli, akasimama juu yangu mpaka nikaumaliza. Mimi sipendi uji. Tangu utoto sipendi, na Mama ndiye anayejua kuliko watu wote.

Jumatatu, 14 Aprili

Kamanda ameniita ofisini, akafunga mlango. Juu ya meza palikuwa na faili la Refa. Kila mgonjwa tukishamhudumia tunaandika tulichofanya, tunaweka saini, na wiki ikiisha msimamizi anapitia na kuweka yake chini. Aligeuza faili likanielekea.

"Hii nani kaandika?"

Mwandiko ni wangu. Maelezo ni ya Ijumaa: dakika alizosimama, nguvu za paja, jinsi alivyogeuza kichwa. Chini yake palikuwa na saini ya Dada. Zile herufi mbili zilizopandana, na mkia unaorudi nyuma kupita chini yake. Naijua vizuri, ipo kwenye vitabu vyake vyote nyumbani. Lakini sijawahi kujaribu kuiandika, hata kwa mchezo.

"Ni mimi," nikasema.

Akafungua ukurasa wa nyuma yake. Ya Jumatano nayo. Na ya Jumatatu ya wiki ile. Nilizitazama kwa zamu. Nilitafuta kichwani ile dakika ya kushika kalamu, sikuipata. Nilikumbuka kumkalisha Refa, nikakumbuka kunawa mikono, kisha nikakumbuka kuwa njiani naenda nyumbani.

"Unajua maana ya kuweka saini hapa?" Kamanda akauliza. Hakupaza sauti. "Maana yake huyu mtu alikuwepo. Alimshika mgonjwa kwa mikono yake. Mgonjwa akianguka kesho, huyu ndiye atakayeitwa kujieleza. Sasa niambie, nikamwite wapi?"

Niliendelea kuutazama ule mkia wa saini.

"Ndiyo maana Baraza linatoa leseni kwa mtu mmoja mmoja. Leseni haitolewi kwa familia. Hairithiwi kama shamba." Mvua ilikuwa imepungua, maji yanadondoka tu kwenye pipa nje ya dirisha. "Wenzangu wananiambia mgonjwa anakuita Kibendera na wewe unaitika. Kweli?"

"Kweli. Mkewe aliniomba."

"Mkewe hana leseni ya kulinda. Wewe unaitafuta." Akalifunga faili. "Fomu yako ya kwenda mtihani wa vitendo inahitaji mkono wangu. Siuweki. Siwezi kuwaambia watahini kwamba uko tayari wakati sijui anayekuja hapa asubuhi ni nani."

Nilisimama. Hapo nikasema kitu ambacho nilikuwa nimekibeba tangu Machi. Nilimwambia kwamba hata yeye hajawahi kuniangalia nijue kama ananijua. Kwamba hanipendi tangu siku ya kwanza na mimi sijui nilimkosea nini.

Kamanda alivua miwani. Akanitazama, kwa mara ya kwanza, na nilitamani asingenitazama.

"Waliompata dada yako walikuta kitambulisho cha hospitali mfukoni," akasema. "Wakaja hapa. Mjomba wako akafika, akaishia mlangoni. Mimi ndiye niliyeingia chumba cha maiti kumtambua. Alikuwa amekaa majini. Nilimtambua." Akapitisha kidole kwenye ukingo wa meza. "Kila asubuhi unaingia na lile koti, mwanangu, na mimi namwona yule. Si wewe. Naangalia ukuta ili nisipige kelele mbele ya wagonjwa."

Kisha akasema niende nikale.

Sikula. Nilikaa stoo ya magongo, nikaandika jina langu kamili kwenye karatasi chakavu, mara nyingi, mpaka likawa halina maana.

Jumanne, 15 Aprili

Nimelirudisha koti nyumbani, nikaliweka mapajani kwa Mama. Nikamwambia nitanunua langu.

"Lina kasoro gani?"

"Ni la Dada."

"Najua ni la nani. Nimelifua mimi."

Nikamweleza habari za saini. Nilidhani ataogopa. Macho yake yaling'aa, akauliza, "Ulihisi nini mkono ulipoandika?" Hapo ndipo nilipoogopa mimi. Nilimshika mabega nikamwambia, "Mama, mimi ndiye niliye hapa. Mimi. Uji sili."

Akanitazama kama mgeni aliyekosea nyumba. Akachukua koti, akaingia nalo chumbani, akajifungia.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimemwambia Refa.

Nilimkalisha kwenye kiti chenye mgongo, nikavuta stuli nikakaa kulia kwake, upande anaoona, ili asije akaitafuta sauti. Kamanda alisimama mbali kidogo na mashine ya presha. Nilikuwa nimemwomba awepo.

"Mzee, mimi si Kibendera. Mimi ni mdogo wake. Kibendera alikufa mwaka jana, mvua kama hizi. Hakukutupa. Alikufa akitoka kukuhudumia wewe na wengine."

Alinitazama muda mrefu. Akauliza, "Nani kakwambia useme hivyo?"

"Hakuna. Nilikudanganya siku ya kwanza, na sasa nimeacha."

Hakulia. Alianza kugeuza kichwa kushoto, mwenyewe, bila kuambiwa, akawa anaangalia nafasi tupu aliyozoea mtu kusimama. Aliangalia pale hadi shingo ikatetemeka. Kisha akasema anataka kwenda nyumbani.

Mkewe alinifuata mlangoni. Alikuwa mtulivu, na ule utulivu ulinikata. "Mwaka jana alikufa kwa maji," akasema. "Leo umemuua tena, na safari hii mbele ya mume wangu."

Jumanne, 22 Aprili

Refa hakuja.

Alhamisi, 24 Aprili

Hakuja. Mvua. Mama hajaniongelesha tangu siku ile, ila chakula changu nakikuta kimefunikwa.

Jumatatu, 28 Aprili

Hakuja. Mrefu alijaribu kunichekesha, akasema hata wafu wanastahili likizo. Alipoona uso wangu akaomba radhi, akaenda kuzipanga upya bakora zilizokwisha kupangwa.

Jambo moja la kuandika. Nilipokuwa nafunga madirisha nilisikia ndara zilizolowa zikitembea koridoni, chwa, chwa, mwendo wa mtu mwenye haraka. Nikatoka. Mfagiaji alikuwa mwisho wa koridoni, amesimama, ameshika ufagio, naye anaangalia kulekule nilikokuwa naangalia. Tukasalimiana. Hakuna aliyeuliza kitu.

Jumatatu, 5 Mei

Matokeo ya kuandika yametoka. Nimefaulu. Nilisimama mbele ya tangazo nikasoma jina langu, nikaenda zangu, nikarudi kulisoma tena. Mwaka jana tulisimama hapo hapo Mama na mimi, mkono kwa mkono, tukasoma la Dada. Yeye wakati huo alikuwa amezikwa wiki nzima.

Jumatano, 7 Mei

Refa amerudi.

Aliingia na kiti chake, ndevu hazijanyolewa, amekonda. Mkewe aliniitikia salamu kwa kidevu. Refa akamwambia amuache, akaketi kwenye kitanda cha mazoezi.

"Wewe," akaniita. "Mdogo mtu. Njoo."

Nikaenda.

"Amezikwa wapi?"

Nikamweleza. Makaburi ya juu, nyuma ya kiwanda cha matofali, mwisho wa ile njia ya mteremko.

"Gari linafika?"

"Linaishia getini. Kutoka getini ni kwa miguu. Kuna nyasi, na mawe, na mahali pana utelezi."

Alifikiri. "Mimi sikwenda kumzika. Walinificha kama mtoto. Yule binti alinishika mkanda miezi, nikiwa nanuka, nikiwa natukana, hajawahi kunikunjia uso. Siendi kwake nimeketi kwenye kiti cha kusukumwa." Akapumua. "Nifundishe kufika."

Kamanda alikuwa amesimama nyuma, anasikiliza. Aliniletea faili jipya, jeupe, halijaandikwa kitu. "Mpime upya tangu mwanzo," akasema. "Kama hujawahi kumwona. Weka malengo yake kwa maneno yake mwenyewe. Kisha saini." Wakati anasema hivyo alikuwa ananiangalia, ingawa niliona alivyokuwa akijikaza.

Nimempima. Mahali pa lengo nimeandika: Kutembea kwa bakora, kwenye ardhi isiyo sawa, hadi kwenye kaburi. Nikaandika jina langu, herufi kwa herufi.

Jumatatu, 12 Mei

Hakuna nyasi ndani ya jengo, kwa hiyo tunatoka. Nyuma ya chumba cha kufulia nguo cha hospitali kuna kiteremko kimelowa, wafuaji wanatuangalia kutoka madirishani. Refa anawapigia kelele kwamba wamesimama eneo la hatari. Mguu wa kushoto bado unachelewa. Nikimwambia "kushoto," anageuka, anautafuta kwa macho, anauona, anausogeza. Hanipi jina. Ananiita wewe.

Ile sentensi ya polepole imenijia mdomoni mara mbili. Nimeimeza.

Jumanne, 20 Mei

Ameanguka. Si vibaya, alikalia nyasi, nilimshusha kwa mkanda hadi chini. Tulikuwa wote chini kwenye matope, mvua inatupiga. Nilimwuliza kama anaumia. Akasema, "Endelea kuchezesha." Nimeandika yote kwenye faili: nani alikuwepo, nani alimshika, kwa nini aliteleza. Saini yangu.

Ijumaa, 23 Mei

Kamanda ameweka mkono kwenye fomu. Alipomaliza alipuliza wino, ingawa ni kalamu ya kawaida.

Jumanne, 3 Juni

Mtihani wa vitendo.

Kituo cha kwanza kilikuwa bega, kikaenda vizuri. Cha pili, kumhamisha mgonjwa wa uti wa mgongo kutoka kitandani, kikaenda vizuri. Cha tatu walinipa mwanamke mwenye maji kwenye mapafu, wakaniambia nimsikilize kifua na kueleza nasikia nini.

Niliweka vyombo masikioni, na mvua ikashuka juu ya bati la chumba cha mtihani. Haikuja taratibu. Ilikuja yote. Niliweka kile kidude mgongoni mwa yule mwanamke, na nilichosikia humo ndani yake kilikuwa maji. Maji yanayokwenda kasi, yanagonga mawe. Na chini ya maji, kitu kama mtu anayejaribu kusema.

Mikono yangu ikawa ya baridi. Mtahini mwenye tai aliangalia saa. "Tuambie unasikia nini."

Ningeweza kubuni. Kila kitabu kimeandika unachotakiwa kusikia kwa mgonjwa kama yule. Dada angejua jibu, alikuwa na masikio mazuri kuliko mimi, na kwa muda mfupi nilihisi jibu lake likipanda kooni, limekamilika, linangoja nifungue mdomo tu.

Nikavua vyombo.

"Sisikii, mwalimu. Mvua imefunika. Sitasema nilichosikia wakati sijasikia. Naomba ruhusa nitumie mikono, halafu nirudie kusikiliza ikipungua."

Mtahini wa pili, mama mnene mwenye sauti nzito, akasema, "Endelea."

Nikamwomba yule mwanamke ruhusa. Nikaweka viganja vyangu pande mbili za mbavu zake, nikamwambia avute pumzi. Upande mmoja ulifunguka. Mwingine ulibaki nyuma, na chini ya kiganja nilihisi mtikisiko mdogo, mzito. Nikaeleza nilichohisi, mahali kilipo, na nitakachofanya. Yule mwanamke alinitazama wakati wote. Aliponiambia "mikono yako ya baridi, lakini mizuri," watahini wote wawili waliandika kitu.

Mvua ilipopungua nikasikiliza tena. Safari hii yalikuwa mapafu tu.

Jumanne, 10 Juni

Nimepita. Mrefu ameniletea msumari wa kutundikia leseni itakapotoka. Kamanda amenikumbusha kwamba si ya milele, kila mwaka Baraza litauliza nimejifunza nini kipya. Kisha akanishika shavu kwa kiganja kizima, haraka, akaenda kumwita mgonjwa aliyefuata.

Nimemwambia Mama. Akasema, "Hongera, mwanangu," akanitaja kwa jina langu. Kisha akauliza kama ni kweli yule mzee anakwenda makaburini Jumamosi. Nikasema ndiyo. Akauliza kama kwenye gari lao kuna nafasi.

Mama hajakanyaga pale tangu siku ya mazishi.

Jumamosi, 14 Juni

Mvua zimekwisha, au zimepumzika. Anga lilikuwa jeupe.

Gari lilituacha getini. Refa alikuwa amevaa suruali iliyopigwa pasi na viatu vyake vyeusi vya uwanjani, mkewe amemfungia kamba. Nilimfunga mkanda. Tukaanza. Mama alitangulia mbele peke yake, kisha akaanza kupunguza mwendo, mpaka tukamfikia, mpaka tukawa tunamngoja.

Kwenye utelezi Refa alisimama akapumua. Hakuna aliyemharakisha. "Kushoto," nikasema. Akautafuta, akauona, akausogeza. Hivyo hivyo mpaka mwisho wa njia.

Kaburi lilikuwa limeota majani. Refa alimuuliza Mama kichwa kiko upande gani. Mama akamwonyesha. Akaenda upande wa miguu, akajiweka sawa na bakora.

"Achia mkanda," akaniambia.

Nikaachia. Nikabaki mikono wazi, karibu naye. Alisimama peke yake, mabega yote mawili sawa, kama mtu anayengoja wimbo wa timu uishe. Midomo yake ilisogea. Hatukusikia alichosema, na hakikuwa chetu. Mkewe alikuwa analia bila sauti. Baadaye alinishika kidole kimoja, akakishikilia.

Mama alipiga magoti akaanza kung'oa majani. Aling'oa kwa mikono miwili, haraka, kama mtu anayefunua kitu. Nilitaka kumzuia, nikaacha. Alipofika mwisho akatulia, ameweka viganja kwenye udongo mbichi. Tukangoja. Refa akaomba kukaa kwenye jiwe, nikamkalisha. Mama bado alikuwa pale.

"Mama, twende," nikamwambia.

"Siwezi," akasema.

Nilidhani ni huzuni. Kisha nikamtazama kwa macho ya kazi. Magoti yake yalikuwa yamekakamaa. Mwaka mzima alikuwa wa kukaa, kizingitini, kitandani, kwenye kile kiti cha jikoni, na mimi ninayepima watu miguu kila siku sikuwa nimeiona ya mama yangu ikisinyaa.

Nilipiga goti mbele yake. "Weka mikono mabegani kwangu. Leta mguu wa kulia mbele, kanyaga chini. Hivyo. Sasa niegemee, kichwa kije kwangu, usiangalie chini."

"Udongo unanivuta," akasema.

"Najua. Njoo huku."

Alikuja. Alikuwa mwepesi mno, kisha katikati akawa mzito, mzito kuliko mwili wake, na kwa muda nilihisi kama nainua watu wawili. Nilikaza mgongo, nikavuta pumzi, nikaendelea kuinua. Kitu kikaachia. Akasimama, anatetemeka, udongo umemjaa vidoleni na umenipaka mabega ya gauni langu.

"Usiniachie kwanza," akasema.

"Sijakuachia."

Tukasimama hivyo mpaka magoti yake yakawa yake tena.